Khalil bin Ahmad: Mtu wa Oman aliyeuliza herufi gani itangulie

Hebu fungua simu yako, uende mahali faili zako zinapokaa. Chagua folda yoyote, ya picha za harusi ama ya noti za chuo, uangalie zilivyojipanga. Kuna uwezekano faili namba 10 imekaa kabla ya namba 2. Umewahi kujiuliza kwa nini? Mimi sikuwahi, hadi siku nilipoaibika mbele ya watu hapa Mokowe.

Ngoja nikueleze. Mokowe ndipo safari ya barabara inapoishia. Basi la kutoka Mombasa linakushusha, unaenda jeti, unapanda boti, unavuka hadi kisiwani Lamu. Mimi sikuvuka. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa, nikaja kukaa na binamu yangu mwenye kiduka cha kuchapisha karatasi na kupiga picha za pasipoti. Kazi yangu ni upande wa kompyuta.

Siku moja akaingia mama mmoja mtu mzima, amebeba daftari lililofungwa kwa leso. Marehemu mumewe alikuwa akitunga mashairi, ya Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu, kurasa 112. Karatasi zilikuwa zimeanza kumegeka. Alitaka vitabu vitatu, kila mtoto wake awe na chake, na kimoja kisomwe siku ya hitima. Nikapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, nikazipa majina: ukurasa1, ukurasa2, mpaka ukurasa112. Halafu nikaandika skripti ya Python, mistari michache tu, isome folda na kuunganisha picha ziwe kitabu kimoja.

Amri niliyotumia kusoma folda inaitwa os.listdir. Mara ya kwanza kurasa zikatoka shaghalabaghala, kwa sababu amri hiyo haikuahidi mpangilio wowote. Inakupa majina vile mfumo wa kompyuta ulivyoyatoa, basi. Nikaongeza neno moja, sorted, yaani zipangwe. Nikatazama ukurasa wa kwanza, nikaona uko sawa, nikachapisha.

Shida ni kwamba sorted ikipewa majina inayapanga kama maneno, alama moja moja kutoka kushoto. Haijui kwamba 10 ni kumi. Kwa hiyo baada ya ukurasa1 ikaja ukurasa10, halafu 100, halafu 101. Ukurasa wa 2 wa yule mzee ulikaa nafasi ya 25.

Siku ya hitima mwanawe mkubwa akasimama kusoma. Ukurasa wa kwanza ukaenda vizuri. Alipofunua wa pili akakuta katikati ya shairi jingine kabisa. Akarudi nyuma, akafunua tena, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Sikuwa nimegundua lolote kwa sababu herufi zile sizisomi vizuri. Niliacha madrasa mapema, kama nilivyoacha chuo.

Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu aliniambia tu kwamba kupanga ni elimu, na kwamba nikitaka kuijua nimtafute mtu anayeitwa Khalil bin Ahmad. Nikadhani ni fundi wa kompyuta kule Lamu. Kumbe mwenyewe alifariki zaidi ya miaka 1,200 iliyopita!

Mtoto wa Oman, mtu wa Basra

Khalil bin Ahmad al-Farahidi alizaliwa yapata mwaka wa 718, karibu na mwaka wa 100 wa Hijria, huko Oman, katika kabila la Azd. Maisha yake ya elimu aliyaishi Basra, kusini mwa Iraq ya leo. Ukiwa mtu wa pwani hii, sehemu hizo si ngeni kwako. Majahazi yaliyobeba boriti za mikoko kutoka Lamu karne nyingi baadaye yalifuata pepo za kaskazi na kusi kwenda na kurudi Ghuba hiyohiyo.

Basra ya wakati ule ilikuwa mji wa wanajeshi, wafanyabiashara na wageni. Waarabu, Waajemi na watu wa mataifa mengine walikuwa wakijifunza Kiarabu kwa pupa, na kila mtu akiongea chake. Wasomi wakaingiwa na hofu kwamba lugha itaharibika, na wasomaji wa Qurani watakosea. Ndipo wakaanza kukusanya maneno na kutafuta kanuni. Khalil alisoma kwa magwiji wa mji huo, akiwemo Abu Amr bin al-Ala na Isa bin Umar. Mwisho akawapita.

Pesa hakuwa nazo. Wanaosimulia maisha yake wanasema aliishi katika kibanda cha matete, huku wanafunzi wake wakitajirika kwa elimu yake. Kuna kisa kinachorudiwa sana. Gavana mmoja kwa jina Sulayman alimtumia mjumbe, akitaka aje amfundishe mwanawe kwa malipo mazuri. Khalil akamtolea mjumbe kipande cha mkate mkavu, akamweleza kwamba maadamu anacho hicho, hana haja na Sulayman. Wewe ungekubali kazi hiyo? Mimi ningekuwa nimeshapanda boti.

Alama ndogo juu ya herufi

Sasa, kama umepitia madrasa unajua fatha, kasra na dhuma, zile alama ndogo zinazokuambia herufi isomwe a, i ama u. Kabla ya Khalil kulikuwa na mtindo wa kuweka nukta za rangi kando ya herufi, mtindo unaohusishwa na Abu al-Aswad al-Duali. Tatizo ni kwamba herufi zenyewe pia zilikuwa na nukta. Ukiwa na wino wa rangi moja tu, umepotea.

Khalil alikuja na wazo rahisi. Akachukua herufi zinazotoa sauti hizo akazifanya ndogo: wau ndogo ikawa dhuma, alifu ndogo iliyolazwa ikawa fatha, na kasra ikatokana na yee. Shada, inayoonyesha mkazo, ni kichwa cha herufi shini. Alama ya hamza ni kichwa cha ain. Unaona? Hakubuni michoro mipya ya kukaririwa, alitumia kitu ambacho msomaji tayari anakijua.

Kwetu sisi jambo hilo lina uzito mkubwa kuliko unavyodhani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Andika b mbili bila alama yoyote. Ni baba, babu, bibi ama bubu? Bila alama za Khalil, ukoo mzima unachanganyika. Daftari la yule mama lilikuwa limejaa alama hizo, zimewekwa kwa kalamu nyembamba, na mimi nilikuwa nimezipiga picha zote bila kujua ni kazi ya mtu.

Nyundo za wafuaji

Unakumbuka somo la ushairi sekondari? Bahari za ushairi, mizani, ile mitihani ya kuhesabu silabi? Basi lawama zako zipeleke Basra. Khalil ndiye anayetambuliwa kama mwanzilishi wa aruzi, elimu ya kupima mashairi ya Kiarabu, na katika elimu hiyo kila aina ya kipimo huitwa bahari. Yeye alizipanga 15, na mwanafunzi wa wanafunzi wake, al-Akhfash, anatajwa kuongeza ya 16. Neno likasafiri hadi kwetu, ingawa sisi tunalitumia kwa njia yetu: bahari zetu tunazitofautisha kwa mishororo, vina na mpangilio wa maneno, ilhali zake ni za silabi fupi na ndefu.

Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akipita sokoni kwa wafuaji wa shaba. Nyundo zilikuwa zikigonga, nzito, nyepesi, nyepesi, nzito, naye akasikia kwamba mashairi nayo yanagonga vivyo hivyo. Akaanza kuyapima nyumbani kwa sauti. Mwanawe akaingia, akamkuta baba yake akitamka silabi zisizo na maana, akatoka nje mbio kuwaambia watu kwamba mzee amerukwa na akili. Kama wazazi wako wamewahi kukukuta saa nane usiku ukiongea na kompyuta, unaelewa.

Kuna kisa kingine ninachokipenda. Mwanafunzi mmoja alikuja kujifunza aruzi, akakaa muda mrefu, haiingii kabisa. Khalil hakutaka kumfukuza. Akampa ubeti akaupime, na maana ya ubeti huo ilikuwa kwamba jambo likikushinda, liache, ushike unaloliweza. Kijana akaondoka, hakurudi tena. Khalil alishangaa jinsi mtu aliyeshindwa na somo lote alivyoielewa ishara ile mara moja. Nilipokisoma nilicheka, halafu nikanyamaza kidogo. Mimi nami niliondoka chuoni, ila mimi hakuna aliyenipa ubeti.

Alikuwa pia mtu wa kufumbua mafumbo. Inasemekana aliletewa barua ya Kigiriki iliyoandikwa kwa siri, akaifungua kwa muda wa mwezi mmoja. Alikisia kwamba barua kama hiyo lazima ianze kwa kumtaja Mungu. Kutoka kwenye maneno hayo ya mwanzo akazijua baadhi ya herufi, kisha nyingine zikafuata. Wanaovunja siri za mawasiliano mpaka leo hutumia mbinu ya aina hiyo: anza na kile unachojua lazima kipo.

Kamusi na swali la nani atangulie

Tumefika pale mzee wa hitima alipotaka nifike. Khalil alitaka kuandika maneno yote ya Kiarabu, lisibaki hata moja. Fikiria kazi hiyo. Wenzake walikuwa wakikusanya maneno kwa mada, ya ngamia kivyake, ya mvua kivyake. Ukifanya hivyo hujui umesahau nini.

Yeye akaanza na hesabu. Herufi za Kiarabu ni 28, na mizizi ya maneno aliihesabu kuwa na herufi mbili hadi tano. Chukua herufi mbili tofauti: 28 mara 27, unapata 756. Tatu: zidisha kwa 26, unapata 19,656. Nne: zidisha kwa 25, zinakuwa 491,400. Tano: zidisha kwa 24, zinafika 11,793,600. Jumlisha zote. Ni 12,305,412, na hiyo ndiyo idadi inayohusishwa na jina lake. Nimeijaribu kwa Python, jibu lilitoka kabla sijaondoa kidole. Yeye hakuwa na mashine. Kisha unapitia kila fungu ukiuliza: hili Waarabu wanalitumia, au wameliacha? Kwa njia hiyo neno halina pa kujificha.

Baada ya hapo likabaki swali gumu zaidi. Herufi gani itangulie? Kulikuwa na utaratibu wa zamani wa alifu, bee, jimu, dali. Kulikuwa na mwingine unaoweka pamoja herufi zinazofanana kwa umbo: alifu, bee, tee, thee. Khalil hakutaka kufuata mojawapo kwa sababu tu umezoeleka. Akafungua mdomo, akatamka a, akaifuatisha na kila herufi, akisikiliza inatokea wapi. Nyingine zilitoka kooni, nyingine kwenye ulimi, nyingine mwishoni kabisa midomoni. Akazipanga kwa safari ya pumzi, kuanzia ndani kwenda nje.

Ya kwanza akaifanya ain. Hamza nayo inatoka ndani kabisa, lakini inabadilikabadilika na kudondoka, na hee aliiona hafifu. Ain ilisimama imara. Ndiyo maana kitabu kikaitwa Kitab al-Ayn, Kitabu cha Ain. Maneno yetu elimu na akili, kwa Kiarabu, yote mawili yanaanza na herufi hiyo. Na kama ulifundishwa madrasa mahali pa kutamkia kila herufi, kuanzia kooni hadi midomoni, ulipita njia hiyohiyo.

Uamuzi wa pili: herufi zilezile zikae pamoja hata zikigeuzwa. Chukua k, t na b, zinazotupa kitabu, katibu na maktaba. Ukizizungusha unapata mafungu sita: ktb, kbt, tkb, tbk, bkt, btk. Khalil aliyaweka yote mahali pamoja, akaeleza yanayotumika, akaacha yasiyotumika. Herufi nne zinakupa mafungu 24, tano zinakupa 120.

Hapo ndipo kitu kilinigonga kichwani. Katika Python, ukitaka sorted ifuate kanuni yako, unaipa kitu kinachoitwa key, yaani ufunguo. Unaiambia: kabla ya kulinganisha majina mawili, yatazame kwa jicho hili. Usipoipa ufunguo, itatumia namba ambazo kila alama ilipewa katika viwango vilivyowekwa Marekani miaka ya 1960, ambako Z kubwa ni 90 na a ndogo ni 97. Ndiyo maana faili inayoitwa Zubeda itatangulia ile inayoitwa ali kwa herufi ndogo. Mashine haikukosea. Kuna watu walikaa wakaamua, na wewe hukujua kwamba uamuzi upo.

Waliokuja baada ya Khalil waliubadilisha ufunguo. Kitabu chake kilikuwa kigumu kutafutia neno, lazima ujue kwanza herufi zake zinavyofuatana. Al-Jawhari, aliyefariki karibu mwaka wa 1003, akapanga kamusi yake kwa herufi ya mwisho ya mzizi, jambo linalomfaa sana mtunzi anayetafuta kina. Al-Zamakhshari, aliyefariki 1144, akatumia herufi ya kwanza, karibu na tulivyozoea. Maneno ni yaleyale, funguo ndizo zilizobadilika. Sisi nasi tunao wetu: neno anapiga hulitafuti kwenye A, unalitafuta kwenye P, na vitabu unavikuta kwenye K. Hiyo ni kanuni iliyowekwa na mtu.

Hakumaliza

Wengi wanakubali kwamba mpango wa kamusi ni wa Khalil, lakini kazi ya kuikamilisha inahusishwa na mwanafunzi wake al-Layth, huko Khurasan. Mwanafunzi wake mwingine, Sibawayh, kijana wa Kiajemi, aliandika kitabu kikuu cha nahau ya Kiarabu, na ndani yake anamtaja mwalimu wake mamia ya mara. Khalil mwenyewe hakuacha mali. Aliacha watu wanaojua.

Kifo chake kinasimuliwa hivi. Uzeeni alikuwa akitafuta njia rahisi ya hesabu, rahisi kiasi kwamba hata kijakazi akitumwa dukani, muuzaji asiweze kumpunja. Mtu aliyehesabu hadi milioni 12 sasa anafikiria chenji ya kijakazi. Akaingia msikitini akiwa amezama katika mawazo hayo, hakuiona nguzo, akajigonga. Kutokana na pigo hilo akafariki, mwaka wa 786 kwa baadhi ya wasimulizi, 791 kwa wengine.

Mimi nikarudi kwenye folda yangu. Kanuni niliyohitaji ilikuwa fupi: chukua tarakimu zilizo ndani ya jina, zifanye namba, panga kwa hizo.

sorted(majina, key=lambda j: int(re.findall(r"\d+", j)[0]))

Mwanzoni mwa skripti uwe umeita re kwa amri ya import, na kila jina kwenye folda liwe na namba. Kama hutaki mambo mengi, zipe faili zako majina ya 001, 002, 003 tangu mwanzo, urefu uwe mmoja, hata sorted ya kawaida haitakupoteza. Sio siri kubwa. Kule Lamu miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha za kidijitali chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza, na kazi ya aina hiyo haiwezekani bila kila ukurasa kujulikana nafasi yake. Picha nzuri isiyojulikana ilipo ni sawa na ukurasa uliopotea.

Karatasi za mara ya pili nilinunua kwa pesa yangu. Na kabla ya kuchapisha nilimwomba yule mzee tukae naye. Aliisoma mistari ya mwisho ya kila ukurasa na ya kwanza ya ule unaofuata, akitikisa kichwa kukubali, mara 111. Tulipofika ukurasa wa 63 akasimama. Kulikuwa na ubeti uliokatika. Tukaenda kuangalia daftari lenyewe, tukakuta kurasa mbili zimegandana na sikuziona wakati wa kupiga picha. Hakuna skripti ambayo ingeniambia hilo.

Vitabu vitatu vilivuka na boti ya asubuhi. Mama hakusema mengi, aliniombea dua, akaniachia daftari siku chache zaidi nipige upya kurasa zilizotoka na ukungu. Jioni nakaa na mzee, ananionyesha herufi. Nimeshaanza kuzijua zile za kooni.

Sasa wewe nenda kaangalie ile folda.